Mwadila, Ninyi Mnaosikiliza

Bibi yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuwasalimia wenye mtandao. Sisemi hivi kwa kumcheka. Zamani nilikuwa nacheka, tena nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga asinione, lakini siku hizi, jioni mama akiwa nje anakaanga dagaa na simu yake iko chajini hapo dirishani, hicho ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko hata maziwa ya kwake Nkololo.

Nimelelewa na bibi, mama yake baba, mpaka nikamaliza darasa la saba. Nyumba yake iko kijijini Nkololo, upande wa pili wa lambo, ina zizi mbele na shamba la pamba nyuma. Nilipofaulu kwenda sekondari baba na mama wakanichukua nije kukaa nao hapa mjini Bariadi. Sasa niko kidato cha tatu. Mimi si mtu wa maneno. Mwalimu akiuliza swali nalijua jibu na moyo unadunda hadi mwingine analitaja, ndipo unatulia. Kuandika ndiyo naweza.

Simu ya bibi aliinunua baba mdogo anayefanya kazi ya kutengeneza kompyuta Dar es Salaam. Kabla yake bibi alikuwa na kitochi, akakiacha bila huzuni. Baba mdogo akafungua grupu la familia, akaliita Ukoo Wetu, akatuweka wote: baba, mama, shangazi wa Mwanhuzi, wajukuu wenye simu na wasio na simu kupitia simu za wazazi wao. Bibi hasomi, kwa hiyo nikamfundisha alama ya kipaza sauti. Nilimwambia, bonyeza na kidole gumba usiachie, sema, ukimaliza achia. Akasema ni kama kukamua, ukiachia mapema maziwa yanabaki ndani.

Basi ikawa kila jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na maziwa yakishafunikwa, anakaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, simu anailaza juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi pembeni nachambua mlenda. Tunaanza kusikiliza. Baba mdogo ametuma habari za treni mpya. Shangazi analalamika kuwa Mwanhuzi mvua imewasahau. Mtu ametuma picha ya vita ya nchi za mbali na bibi anauliza, "Hao nao wana mama zao?" Namwambia wanao. Anasikitika kwa ulimi, kisha anataka kujua habari inayofuata. Kila habari alikuwa na neno lake. Mafuta yakipanda bei alisema ndiyo maana ng'ombe ni bora, hali mafuta. Siku baba mdogo aliporusha video ya simba anayehubiri, iliyotengenezwa na akili mnemba, bibi aliitazama mpaka mwisho akasema, "Anahubiri vizuri kuliko wa kwetu."

Halafu zamu yake ya kusema inafika, na hapo ndipo kazi ilipo.

Kwetu mtu akiingia kwenye mji wa mwenzake hasemi "hamjambo wote" akakaa. Anamwendea kila mkubwa, anamsalimia peke yake, anangoja aitikiwe, ndipo anasogea kwa mwingine. Salamu ya jumla, bibi anasema, ni kama kuwamwagia kuku mahindi. Na kwenye grupu alifanya hivyohivyo. Kila mtu alipata ujumbe wake wa sauti. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa: "Mwadila, baba." Ndiyo salamu yetu Wasukuma ya mchana na jioni. Kisha kimya. Alikuwa anaacha nafasi, bado kidole kimebonyeza, ili baba aitikie. Kwenye ile nafasi unasikia ng'ombe, unasikia kuni, unasikia hata mimi nikikohoa. Kisha, "Mhola?" ndiyo kuuliza kama ni kwema. Nafasi nyingine. "Na huyo mwenzako, mhola? Na mgongo wake?" Akimaliza na baba anaenda kwa mama, kwa shangazi, kwa baba mdogo, mpaka wajukuu. Nilipokuwa naishi naye mimi alinisalimia ana kwa ana, hakuhitaji simu.

Wenye mtandao waliingia kwenye orodha ya salamu kwa sababu yangu. Darasani wavulana walikuwa wanabishana, mmoja anasema ukitaja viatu karibu na simu, kesho yake simu inakuletea matangazo ya viatu, kwa hiyo wenye mtandao wanatusikiliza. Mwingine akasema acha ushamba, kampuni kubwa kama hiyo ikusikilize wewe una nini. Nikamsimulia bibi kama hadithi tu.

"Kumbe wanasikia," akasema.

"Wenyewe wanasema hawasikii, bibi. Watu ndio wanasema wanasikia."

"Wako wapi?"

"Nchi za watu. Ng'ambo."

"Wana wakubwa?"

"Lazima wanao."

Alifikiri huku akigeuza kuni. Mimi huniita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. "Sasa mayu, watu wamekaa hapa jioni yote wanatusikiliza, na sisi tunaongea tu juu ya vichwa vyao. Watatuonaje?" Akabonyeza. "Mwadila, ninyi mnaosikiliza." Akaacha nafasi. "Wazee wenu, mhola? Wabeja kwa kazi." Akishawashukuru hivyo, akaachia.

Baba mdogo alijibu kwa maandishi na vile vinyuso vinavyocheka hadi machozi. Aliandika, mama, watu hao hawasikii, wameandika wenyewe kwamba ujumbe umefungwa, hata wao hawawezi kuufungua. Nikamsomea. Bibi akasema, "Hata mwizi wa kuku huwa anasema hivyo. Lakini mimi sijawatukana, nimewasalimia."

Baada ya siku chache nilikuwa naangalia video kwenye simu yake, zile fupifupi, likapita tangazo la dawa ya kupe. Sasa bibi wiki nzima alikuwa hana wimbo mwingine ila kupe walioingia kwenye ng'ombe wake. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akatazama yule ng'ombe mnene akinyunyiziwa dawa, akasema polepole, "Umeona? Wameitikia."

Toka siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu kuhusu kampuni za mtandao. Baba akija na maneno ya redioni kwamba wanakusanya habari za watu na kuziuza, bibi anasema, "Mimi walinipa dawa ya kupe. Wewe wamekupa nini?" Baba anabaki anacheka.

Nisimpambe lakini. Kipimo chake hicho cha salamu kilishawahi kumponza. Kwenye grupu la kijiji lilikuja tangazo la chanjo ya mifugo, siku na mahali, nikamsomea. Akauliza, "Ameanzaje?" Nikamwambia ameanza na neno TANGAZO. "Hakusalimia?" Hakusalimia. "Basi huyo ni tapeli." Tangazo lilikuwa la kweli. Ng'ombe wa majirani wote wakachanjwa, wa kwetu wakapelekwa baadaye kijiji cha pili kwa miguu, bibi nyuma na fimbo, analaumu njia nzima kwamba walitangaza kama wanafukuza mbwa.

Nilipohamia Bariadi mambo yaligeuka. Mimi sasa nikawa kwenye upande wa kusikiliza. Jioni namwomba mama simu, naenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, naweka sauti chini, nasikia "Mwadila, baba," na ile nafasi, na ng'ombe. Nilikuwa najua kwa mlio ni yupi anayelia. Mwisho kabisa, kabla ya wenye mtandao, nafika mimi: "Na wewe mayu wa Bariadi, mwadila." Nafasi. "Mhola? Shule?" Nafasi.

Sikuwahi kujibu. Nilikuwa naona aibu grupu zima lisikie sauti yangu. Nikishasikia nilikuwa namrudishia mama simu naenda kuandika hisabati.

Tatizo lilikuja kutoka kwa baba mdogo, na sitaki kusema ni mtu mbaya kwa sababu si mbaya. Alikuwa na hoja. Simu yake ilikuwa imejaa salamu. Shangazi naye alishasema zaidi ya mara moja kwamba bando lake linaisha kwa kuulizwa habari za mgongo. Na ujumbe wa maana ulikuwa unapotea, kwa mfano siku ya msiba wa jirani yetu wa Nkololo watu waliopo mbali walichelewa kujua kwa kuwa habari ilikaa katikati ya salamu. Kwa hiyo siku moja aliandika: kuanzia leo grupu ni la taarifa muhimu tu, salamu watu wapigiane wenyewe. Akabadilisha mipangilio, ikawa yeye peke yake ndiye anayeweza kutuma.

Mama aliposoma alisema, "Afadhali."

Jioni ile nilikaa kwenye ngazi na simu. Hakuna kilichoingia. Kesho yake hivyohivyo. Siku iliyofuata akaingia baba mdogo na taarifa ya bei za mbolea, imepangwa vizuri. Nikajikuta nasikiliza zile sauti za zamani, natafuta zile zenye nafasi ndefu. Baba alijaribu kumpigia bibi, simu haipatikani. Akasema labda chaji.

Jirani wa bibi ndiye aliyetuletea jibu, alipokuja mjini na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliotumiwa na bibi. Alikaa, akanywa uji, ndipo akasema, "Mama yenu simu kaifunga kwenye kanga, kaitia kwenye kihenge na mtama. Anasema wenye mtandao wamemfungia mlango. Akibonyeza kusema, pale pa kubonyeza hapapo."

Baba alikuwa kazini. Mama alipomsindikiza mgeni akarudi, akanikuta nimesimama palepale.

"Usije ukamwambia kwamba ni baba yako mdogo," akasema.

"Sasa yeye anadhani ni kampuni."

"Mwache adhani. Akijua ni mtoto wake wa kumzaa ndiye kamfungia mlango, hilo halitaisha. Kampuni haiumii, hata akiilaumu mwaka mzima."

Kwa mtu kama mimi kuambiwa nyamaza ni kama kuambiwa pumzika. Nikasema sawa.

Likizo ya mwezi wa sita nikaenda Nkololo kuchuma pamba, kama kila mwaka. Bibi alinipokea na salamu zake zote, moja baada ya nyingine, nikaitikia zote, maana tukiwa wawili ninaweza. Lakini jioni ya kwanza tulipokaa jikoni kinu kilikuwa kimesimama wima. Hakukigeuza. Akaniuliza habari za mjini, nikasema nzuri, tukasikiliza ng'ombe. Nilikuwa nimeziota hizi jioni muda wote wa muhula na sasa nimo ndani yake, na si zenyewe.

Kesho yake tulikuwa shambani, kila mmoja na mstari wake, mfuko umefungwa kiunoni. Yeye anachuma kwa mikono miwili kwa pamoja na hatazami. Akaanza kusema bila mimi kumuuliza.

"Nimewaza labda ni ile chanjo."

"Chanjo gani bibi?"

"Ile niliyoikataa. Labda tangazo lilikuwa lao, wale wenye mtandao, nikawaita matapeli na wao wanasikia." Akachuma. "Au ile dawa ya kupe. Walinionyesha nikaipokea, sikurudi kusema kama imefaa. Mtu akikupa kitu unarudi kusema."

"Si hivyo bibi."

"Au nilikuwa nawasalimia wa mwisho. Wakaona wamewekwa nyuma ya watoto. Ningewaweka juu kidogo, baada ya baba yako." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anahesabu mbegu. "Nikiwaza naona ni hilo."

Nilisimama na pamba mkononi. Mama alikuwa amesema kampuni haiumii, na ni kweli. Lakini bibi alikuwa hailaumu kampuni. Toka siku ile alikuwa anatafuta kosa lake mwenyewe, shambani, zizini, kila mahali, na asingelipata kwa sababu halikuwepo. Moyo ulikuwa unadunda kama darasani.

"Bibi, si wenye mtandao," nikasema. "Ni baba mdogo."

Aliendelea kuchuma mpaka mwisho wa ule mche.

"Ndiye alifunga. Kwa ajili ya bando, na simu yake ilijaa. Alisema salamu ni nyingi. Hajakufungia wewe peke yako, kawafungia wote, hata baba. Wale wa ng'ambo hawajui lolote."

"Hawajui lolote," akarudia.

"Ndiyo."

"Kumbe ni wa kwangu."

Akahamia mstari mwingine, tukachuma mpaka tukajaza mifuko. Nikajua nimeharibu. Nikaanza kutunga kichwani nitakavyomweleza mama. Tulipofika nyumbani akamwaga pamba kwenye kichanja, akaitandaza vizuri, akatoa majani makavu moja moja, kisha akaniambia, "Nenda kwenye kihenge."

Simu ilikuwa na vumbi la mtama hadi kwenye tundu la chaja. Nikaipuliza, nikaichomeka kwenye sola. Ilipopata nguvu akaniambia nimpigie baba mdogo na niweke sauti kubwa. Bado ilikuwa mchana, watu wa maofisini wako kazini, lakini nilipiga.

"Mama!" Baba mdogo alifurahi kweli. "Simu ilipotelea wapi? Tumepiga wote."

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mama. Sasa niambie, kuna shida?"

"Mhola?"

"Mhola, mama, mhola. Ila niko kazini hapa, kuna—"

"Na mke wako, mhola?"

"Mhola."

"Na yule mtoto aliyekuwa na sikio?"

"Sikio limepona, mama."

"Na wa pili?" Akaitikia wa pili. Akaulizwa wa tatu. Akaulizwa baba mkwe na mama mkwe, kila mmoja na ugonjwa wake. Akaulizwa mwenye nyumba. Akaulizwa majirani wa kulia, akasema hawafahamu vizuri, bibi akasema, "Hawajambo lakini?" akasema nadhani hawajambo. Nilisikia mtu nyuma yake anamwita, yeye anasema subiri kidogo, naongea na mama. Bibi akafika kwa ng'ombe.

"Mama, mimi sina ng'ombe huku."

"Na mkubwa wako wa kazi, mhola?"

Hapo nikasikia mlango ukifungwa upande wa baba mdogo. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba bibi ameshajua nani alifunga grupu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka. "Mhola, mama," akasema. "Mhola duhu, kwema tu. Nyumbani wote mhola?"

"Sisi mhola. Pamba tumechuma." Bibi akainuka kwenye kigoda. "Haya baba. Kazi njema." Akanionyesha kwa kidevu nikate.

Hakumtajia grupu hata kidogo. Nilimuuliza mbona hukumwambia, akasema, "Nimwambie nini, si ameitikia?" Kisha akanigeukia mimi, na hapo nikajua zamu imefika.

"Na wewe. Nilikuwa nakusalimia kila jioni kule Bariadi."

"Nilikuwa nasikia, bibi. Zote nilisikia."

"Hata wale wa ng'ambo waliniitikia kwa dawa ya kupe. Wewe je?"

"Naona aibu. Wanasikia wote."

"Aibu," akasema, akachukua ungo wake. "Leo umemsema mwanangu mbele yangu, shambani, mchana kweupe. Hiyo aibu ilikuwa wapi?" Lakini alikuwa anacheka, na kabla jua halijazama alikigeuza kinu.

Grupu lilifunguliwa jioni ileile. Baba mdogo aliandika: salamu zimerudi, kila mtu ajiunge bando la kutosha. Shangazi akaweka uso unaolia. Bibi akabonyeza, akaanza na baba.

Likizo ikaisha nikarudi Bariadi. Mama alinitazama siku ya kwanza kwa jicho lile, akasema tu, "Kumbe unaweza kusema." Sikujua kama ananisifu.

Jioni nikaenda kwenye ngazi na simu yake. Grupu sasa limekuwa la kisasa zaidi, watu wanamjibu bibi kwa maua na mikono iliyofumbwa, na yeye hajui maua yale ni ya nini. Nikasikia salamu za baba, za mama, za shangazi, kisha za wenye mtandao, ambao sasa amewapandisha. Yule ng'ombe jike mwekundu alilia kwenye nafasi ya baba mdogo. Halafu, "Na wewe mayu wa Bariadi, mwadila." Nafasi. Ilikuwa ndefu kuliko zote, hadi nikasikia kuni ikianguka jikoni, na nikaliona jiko lile, na kigoda, na mahali nilipokuwa nakaa na ungo wa mlenda, pakiwa patupu.

Nilibonyeza nikafuta. Nikabonyeza tena, sauti ikatoka kama ya mbuzi, nikafuta. Mwishowe nikabonyeza nikasema, "Mwadila, bibi." Nikaacha nafasi, kama yeye, nikamsikia mama akigeuza dagaa. "Mhola. Shule mhola." Na kwa kuwa kidole kilikuwa bado kimebonyeza na sikujua namna ya kumalizia, nikasema na lile lake: "Mwadila, ninyi mnaosikiliza. Kupe wa Nkololo wamepungua. Wabeja kwa dawa."

Nikaachia kabla sijaanza kuogopa.

Kesho yake asubuhi mama alikuwa anakunywa chai huku anapitisha kidole kwenye simu. Akakisimamisha, akarudisha juu kwenye tangazo lililopita, akakunja uso.

"Nani anatafuta dawa ya kupe kwenye simu yangu? Mimi nina ng'ombe?"

Nikachukua begi langu la shule.